Ukija milima ya Kwale na baiskeli, simama

Niseme mapema tusimalizane bando: njia za vumbi za milima ya Kwale ni mali, na mimi siwezi kuzigawa bure kwa mtu ambaye hata hataki kuwajua wenyewe.

Najua nitaitwa mchoyo. Mnaonifuata siku nyingi mnajua kazi yangu ni video za baiskeli. Diani, Msambweni, kupanda mpaka Kwale mjini, kutokea Lukore, kushuka Kikoneni. Chuo kikuu niliacha mwaka wa pili (hiyo stori mnaijua, leo si siku yake), nikashika simu na baiskeli ya mtumba, na tangu hapo nakula kwa magurudumu mawili. Kwa hivyo mimi si adui wa utalii. Utalii unanilipia unga.

Lakini kila wiki napata ujumbe ule ule. "Bro, nitumie ramani ya ile njia." "Ile njia ya minazi ni wapi, weka lokesheni." Zamani walikuwa vijana wa Mombasa na Nairobi. Siku hizi ni watu wa hoteli na wageni wenyewe. Jibu langu limekuwa moja, na wengi wamenuna. Acha leo nilieleze lote kwa pamoja.

Kwanza, tunaongea kuhusu nini hasa

Kuna baiskeli zinaitwa za changarawe. Ukiiona kwa mbali utadhani ni ya mashindano ya lami, maana usukani umepinda vile vile. Ukisogea unaona tairi ni pana na zina meno, na inaweza kupita vumbi, kokoto, mchanga kidogo, hata njia ya ng'ombe. Bei yake ikiwa mpya inafika ya pikipiki, na nyingine zinapita mbali. Dunia nzima watu wanahama lami na kuingia njia za vumbi kwa sababu mbili tu: magari hayako, na macho yanapata cha kuangalia.

Mchezo huu umekua haraka. Shirikisho la baiskeli la dunia, UCI, lilianza ubingwa wa dunia wa changarawe mwaka 2022 kule Veneto, Italia. Hapa kwetu Kenya, Migration Gravel Race ilikuwa imeshaanza mwaka 2021 kule Maasai Mara, na watu waliosukuma ile kazi ni akina Sule Kangangi na Team Amani. Sule, Mungu amrehemu, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka kwenye mbio za changarawe Vermont, Marekani. Alitaka wanabaiskeli wa Afrika Mashariki wakimbie na wakubwa bila kusubiri waalikwe Ulaya. Halafu Septemba 2025 ubingwa wa dunia wa barabara ukaja Kigali, mara ya kwanza kabisa Afrika. Yaani macho ya watu wa baiskeli yako huku. Hii si ndoto ya kijana wa Ukunda mwenye simu.

Sasa angalia tulichonacho. Diani inauza mchanga. Mgeni anatua Ukunda, muda mfupi yuko hotelini, wiki nzima anaiangalia bahari, kisha anarudi kwao. Akiipa bahari mgongo tu, ataiona milima ya Shimba imekaa pale. Si mirefu. Inafika mita mia nne na kitu juu ya bahari. Lakini ukianzia ufukweni unaanzia sifuri, na kila mita utailipa kwa mapaja yako. Njiani kuna minazi, mikorosho, michungwa, miembe, mihogo, na vijiji vinavyoamka mapema kuliko wewe. Gari ni moja baada ya nusu saa. Ukigeuka nyuma, Bahari Hindi yote iko chini yako.

Nchi yetu ya mvinyo

Hawa watu wa changarawe wanapenda sana milima ya mvinyo. Italia, Ufaransa, Afrika Kusini, picha ni ile ile: kilima, mizabibu, barabara nyeupe ya vumbi, na jioni glasi mezani.

Sisi mizabibu hatuna. Tuna minazi.

Na usicheke, maana ukikaa ukafikiri, Kwale ni nchi ya mvinyo kamili. Mgema anapanda mnazi asubuhi na jioni, kila siku, iwe Krismasi au Idi. Analifunga kole, lile ua la mnazi kabla halijafunguka, analikata ncha kidogo kidogo kwa kotama, anatega kibuyu (siku hizi wengine hutega chupa ya plastiki), na utomvu unadondoka taratibu. Ule wa asubuhi ni mtamu kama juisi. Mchana umeanza kuchachuka. Jioni una nguvu. Ukiuacha siku kadhaa una siki ya kachumbari. Na kole linalogemwa halizai nazi, kwa hivyo mwenye mnazi lazima achague: nazi au tembo. Wagema wengi minazi si yao, wanaikodi.

Kwa wageni: sisi huku mnyama tunamwita ndovu. Tembo ni la kunywa. Ukiambiwa mlimani kuna tembo, uliza ni wa kukimbiwa au la kuonja. Milima ya Shimba ina vyote viwili.

Mimi mwenyewe sinywi. Ni Mdigo, nimepita madrasa, na sitakuambia unywe. Lakini kutokunywa hakunipofushi. Naona mtu anayepanda miti kadhaa kabla ya jua kutoka, bila kamba ya usalama, halafu naona mvinyo wa Italia ukiandikiwa vitabu. Kazi ya mkono ni kazi ya mkono.

Na hapa kuna jambo ambalo watu hawalifikirii. Mvinyo wa zabibu unafungwa kwenye chupa, unapanda meli, unamfikia mnywaji London akiwa kwenye kochi lake. Mnazi hausafiri hivyo. Saa chache umebadilika, siku mbili umeharibika. Anayetaka kuuonja ukiwa mzuri lazima aje yeye chini ya mti. Miaka yote tumeliona hilo kama hasara, kwamba bidhaa yetu haiwezi kupelekwa soko la nje. Kwa utalii ni kinyume. Ni bidhaa inayomlazimisha mnunuzi apande mlima mpaka kwa mgema.

Walioanza ni wao

Nikisikia mtu akisema "tunaleta baiskeli za changarawe Kwale" mimi hucheka. Unaleta kwa nani?

Saa kumi na mbili asubuhi, ukiwa unapanda na giya zako ishirini na kitu, utapishana na mtu anayeshuka. Baiskeli yake ni ile nyeusi ya chuma. Giya moja. Nyuma amefunga madumu mawili ya lita 20, yaani kilo 40 na ushee zinazochezacheza kila shimo. Amevaa kandambili, na hizo kandambili ndizo breki. Wengine wamebeba mnazi wanaenda mangweni, wengine maji, wengine makaa, wengine madafu ya kuuzia watalii hao hao wa Diani. Wala si Kwale peke yake. Hata jina la bodaboda lilianzia kwa baiskeli kule mpakani Busia, pikipiki zilikuja baadaye zikarithi jina.

Ndiyo maana nasema utulivu wa njia hizi si utupu. Zimetulia kwa sababu hazina malori. Watu wapo, na wao ndio wanaojua wapi daraja limekatika, wapi mchanga umeingia, wapi ndovu walipita jana usiku.

Yule bwana na ile ofa

Sasa nije kwenye kilichonitibua.

Kuna mtu wa biashara ya safari hapa pwani. Sitamtaja yeye wala kampuni yake, na msinitafutie kesi kwa kubahatisha. Alinipigia, sauti ya asali. Anataka njia tatu, faili kamili, mimi nizirekodi na kumtumia. Mpango wake ni wageni wanane kila Jumamosi. Gari linafuata nyuma na maji, matunda, sandwichi kutoka hotelini. Nikamuuliza, wanasimama wapi? Akasema hawasimami vijijini, "wale watu wataanza kuombaomba." Nikamuuliza kiongozi wa njia ni nani? Akasema simu itawaongoza, ndiyo maana anataka faili. Nikamuuliza mimi napata nini? Akasema nitatajwa kwenye ukurasa wao.

Nikamuuliza swali la mwisho: na mgema? Kwa sababu kwenye karatasi ya matangazo yake alikuwa tayari ameweka picha ya mgema juu ya mnazi. Akasema hiyo ni mandhari tu.

Mandhari! Mtu mzima ana watoto, anapanda mti, wewe unamwita mandhari.

Nilikataa. Najua atapata mwingine, barabara hazifichiki, na Strava inachora kila mahali mtu anapopita. Lakini sikutaka sahihi yangu iwe chini ya ule mpango.

Siku zile zile nilisimama kwa mgema mmoja huko juu, mzee, mtu wa maneno machache. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." "Marahaba, mwanangu." Nikamweleza kwamba kuna wageni wanataka kupita kwake kila wiki kwa baiskeli, mbio mbio. Akafikiri, akaniuliza: "Wanakimbia nini?" Nikakosa la kusema. Akaongeza: "Waambie wakishuka hapa kuna kivuli."

Mzee hakuomba pesa. Alitoa kivuli. Anayemwita mwombaji hajawahi kusimama kwake.

"Lakini barabara ni ya umma"

Hoja hii nimetupiwa sana, na ni ya kweli. Siwezi kumzuia mtu kupita barabara ya Mkongani, na sitaki. Kijana wa Likoni akija Jumapili na baiskeli yake ya mtumba, apite, asilipe kitu, akaribishwe. Ninayemsema ni anayegeuza njia kuwa bidhaa. Ukiuza siku nzima mlimani kwa pesa za kigeni, halafu pesa zote zinalala Diani, hapo umechukua kitu. Nusu ya hizo njia nzuri si barabara hata. Ni vijia vinavyopita katikati ya mashamba ya watu, na mwenye shamba amekuacha upite kwa sababu jadi yetu ni hiyo. Mtu mmoja kupita ni ujirani. Wanane kila Jumamosi, kwa tikiti, ni biashara kwenye shamba lake.

Hoja ya pili: "Usiharibu, ukiweka pesa watu watazoea kudai." Hii huwa nasikia kwa watu wanaolipwa mishahara. Wao walizoea lini?

Tusiombe vumbi libaki

Hapa nataka niwakorofishe na wenzangu wa baiskeli pia.

Kule Toscana, Italia, sehemu inaitwa Gaiole in Chianti, kuna bwana anaitwa Giancarlo Brocci. Mwaka 1997 alianzisha safari ya baiskeli za kizamani, L'Eroica, kwa sababu zile barabara nyeupe za vumbi katikati ya mashamba ya mizabibu zilikuwa zinamezwa na lami. Akasema watu wakizipenda zitapona. Na zilipona nyingi. Mwaka 2007 zikazaa mbio za kulipwa, Strade Bianche, zinazomalizikia Siena, na leo kila mwaka dunia inaangalia. Vumbi lile lile ambalo lingefunikwa likawa jina la mahali.

Naipenda hiyo hadithi. Ila kuna watu wanaichukua nzima nzima na kuileta Kwale. Nimemsikia mgeni, tena kwa upendo kabisa, akisema anaomba lami isifike huku kamwe. Ndugu yangu, wewe unaomba hivyo kwa sababu jioni unarudi.

Mama wa Majimboni akishikwa na uchungu usiku wa masika, zile kilomita unazoziita paradiso ndizo zinazomtenga na hospitali. Msambweni ndiko iliko hospitali ya rufaa ya kaunti. Mkulima wa machungwa mvua ikinyesha gari la mnunuzi halipandi, machungwa yanaoza chini ya mti. Watu wa Chianti walipoamua kulinda vumbi walikuwa na lami kwingine kote, na ambulansi ilikuwa inafika. Walichagua wakiwa wameshiba. Huku juu hatujafika kwenye kuchagua.

Msimamo wangu basi: lami ije. Ije kwenye barabara kubwa, iunganishe vijiji na hospitali na soko, na ikija nitapiga video nikishangilia. Baiskeli hazitakosa pa kupita. Kila barabara kubwa ina vijia kumi vya mashamba pembeni yake, na huko hakuna atakayemwaga lami hata wajukuu wangu wazeeke. Wanabaiskeli wakitaka hivyo vijia vibaki vizuri, wawape wenye mashamba sababu ya kuvifyeka na kuviacha wazi. Sababu nzuri kuliko zote ni pesa inayoonekana.

Wakubwa huja wakaondoka

Watu wa Msambweni hii tunaielewa kuliko wengi. Kiwanda cha sukari cha zamani cha Ramisi kilianguka miaka ya 1980, na wazee bado wanakisimulia. Juzi juzi Base Titanium nao walimaliza kuchimba, Desemba 2024, baada ya miaka kama kumi na moja. Vijana wa rika langu waliokuwa na sare na kitambulisho cha kazi leo wako stendi wanasubiri abiria. Simlaumu mtu, madini yakiisha yameisha. Ila kila mara tunangoja kitu kikubwa kutoka nje kije kituajiri, halafu kinaondoka, tunabaki kutazamana.

Na si kwamba hatujui kufanya vidogo vyetu. Gazi na Makongeni wana Mikoko Pamoja tangu 2013: kijiji kinalinda mikoko, kinauza hewa ya kaboni, na pesa zinaamuliwa na wanakijiji, zimeingia kwenye maji na shule. Kaya Kinondo, iliyomo kwenye zile kaya za Mijikenda zilizotambuliwa na UNESCO mwaka 2008, unaingia na mwongozaji wa kwao, unafungwa kaniki, unafuata masharti ya wazee, na hakuna anayelalamika kwamba "msitu ni wa umma." Mwaluganje, tangu 1995, wenye mashamba walikubali ardhi yao iwe njia ya ndovu, kwa mpango kwamba pesa za getini zigawanywe kwao. Haijawa rahisi kila mwaka, lakini wazo lenyewe ni la kwetu na ni zuri: mnyama apite, mwenye ardhi apate.

Kama ndovu anaweza kupita shambani na mwenye shamba akapata chake, mzungu na baiskeli yake atashindwaje?

Ninachotaka, bila kuzunguka

Moja. Kila kundi la kulipia liwe na kiongozi wa njia anayetoka huko huko juu, na alipwe ujira wa siku, si bakshishi. Yule wa madumu ya lita 20 anaijua njia kuliko setilaiti. Mpe baiskeli nzuri uone kama wageni watamfikia.

Mbili. Kusimama mara mbili, kwa lazima. Chai na mahamri kwa mama wa kibandani, madafu na mihogo ya kuchoma juu. Sandwichi za hoteli zibaki hotelini. Tupige hesabu ya yule bwana: wageni 8, kila mmoja aache shilingi 1,000 mlimani kwa siku. Ni 8,000 kila Jumamosi, 32,000 kwa mwezi wa wiki nne. Haijengi hospitali. Lakini kwa kibanda kimoja, mgema mmoja, fundi pancha mmoja na kiongozi mmoja, ni tofauti ya kubaki kijijini au kwenda kulala sakafuni Mombasa ukitafuta kibarua.

Tatu. Mgema akipanda kwa ajili ya kamera yako, umlipe. Hata kama hakuna aliyeonja tone. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wetu amesifiwa kwa picha miaka mingi bila kulipwa, na bado halitii maji. Tusimjaribu zaidi.

Nne. Anayetaka kuonja aonje mwisho wa safari, baiskeli ikiwa imeegeshwa, mahali penye leseni. Ile miteremko haina huruma na mlevi. Na asiyekunywa asisukumwe. Vijiji vingi huku ni vya Waislamu, na hata kwenye nyumba moja utakuta mmoja ni mgema na mwingine ni imamu. Wanaishi vizuri kwa sababu wanaheshimiana. Mgeni akija kutafuta kelele za baa, ufuo uko kule chini.

Hapo hapo niseme na serikali kidogo. Leseni za vileo tangu ugatuzi ni kazi ya kaunti. Kila ukitangazwa msako wa pombe haramu, mgema wetu analala roho mkononi, anahesabiwa pamoja na watu wanaochanganya kemikali kwenye mapipa. Mnazi unatoka kwenye ua la mti. Kaunti ikitaka utalii wa milimani, imrahisishie mgema leseni, ikague usafi wake, imtoe kwenye kivuli cha wahalifu. Huwezi kumweka kwenye bango la utalii Jumatatu na kumkimbiza Jumanne.

Tano. Hifadhi ya Shimba Hills si uwanja wa baiskeli. Ni hifadhi ya taifa tangu 1968, ina ndovu, ina nyati, na palahala ambao Kenya nzima utawaona porini pale tu. Usiingie na baiskeli kwa ujanja wa video. Ongea na KWS kwanza. Hata nje ya uzio, alfajiri na magharibi sikiliza wenyeji. Wakisema leo usipite huku, usipite. Ndovu hajui kama unafuatwa na watu 40,000.

Sita. Masika tuache njia zipumue. Tope la Aprili likikanyagwa na tairi pana linabaki mifereji, na anayeikuta mwezi wa saba ni mtu wa madumu, si wewe.

Saba, na hii ndiyo inaniuma. Kila kampuni itakayofanya biashara hii iache angalau baiskeli chache kwa vijana wa huko. Chris Froome alizaliwa Nairobi na akafundishwa na David Kinjah pale Kikuyu kabla hajashinda Tour de France mara nne. Alipanda baiskeli na watoto wa kijijini, na wengi wao walikuwa na mapafu kama yake. Waliokosa ni baiskeli, visa na mtu wa kuwaamini. Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour mwaka 2024 na kuondoka na jezi ya kijani. Mtoto wa Lukore anayepandisha lita 40 kwa giya moja, nani alishampima?

Mtasema naota

Semeni. Mimi nimekaa darasani miaka miwili nikisoma jinsi ya kuomba kazi ambazo hazipo. Huku juu kuna kazi ambayo ipo na haijapewa jina. Ninachoogopa ni kwamba itakuja kupewa jina na mtu mwingine, kwa Kiingereza, na sisi tutabaki kwenye picha tukiwa mandhari.

Wageni, wengi wenu ni watu wazuri. Nimepanda na baadhi yenu, mmetoka jasho, mmekaa kwenye benchi la mti, mmekula mihogo na pilipili mpaka machozi yakatoka, na mlipoondoka mlisema hiyo ndiyo siku bora ya likizo. Si ile ya bwawa la kuogelea. Kwa hivyo najua mnataka kusimama. Mtu anayewauzia safari ndiye anayedhani hamtaki.

Na vijana wenzangu mnaopiga kontenti: kabla hujapandisha lokesheni ya kijia cha shamba la mtu ili upate watazamaji, muulize mwenyewe. Dakika tano tu. Akikataa, kuna vijia vingine.

Basi mkiniuliza ramani, jibu langu ni hili. Faili sitoi. Nitakupa nambari ya mtu anayekaa huko juu, ukubaliane naye siku na ujira, na yeye atakupitisha. Mletee na tyubu mbili za ziada, huko madukani zinapatikana kwa taabu.